Makanisa ya udongo wa bahari: safari ya baiskeli katika vijiji vya Groningen

Jumatatu, Aduard

Katika ukanda wa pwani wa mkoa wa Groningen, kaskazini kabisa mwa Uholanzi, mtu anaweza kuchimba kutwa nzima asipate jiwe la kujengea. Atapata udongo wa mfinyanzi, mzito na wa kijivu, ulioletwa na bahari kidogo kidogo kwa maelfu ya miaka, na chini yake udongo mwingine wa namna hiyo hiyo. Hata hivyo ukanda huu umejaa makanisa ya zama za kati, karibu kila kijiji na lake, na mengi mno kati yake yamejengwa kwa matofali ya kuchoma. Tumekuja kuyatazama kwa baiskeli, mimi na mwenzangu ambaye ni fundi mwashi aliyejifunza kazi Tanga, na swali letu ni la kifundi zaidi kuliko la kidini: ilikuwaje watu walioishi juu ya udongo laini namna hii wakathubutu kujenga majengo mazito namna hii, na udongo wenyewe umewatendea nini tangu hapo?

Tumeanzia Aduard, magharibi mwa jiji la Groningen, kwa sababu habari za matofali katika nchi hii haziwezi kusimuliwa bila watawa. Monasteri ya Mtakatifu Bernardo ilianzishwa hapa mwaka 1192 na watawa Wasitoo waliotoka Klaarkamp, katika nchi jirani ya Friesland, nayo ikakua hadi kuwa miongoni mwa monasteri tajiri kupita zote za kaskazini. Mwaka 1580, wakati wa vita vya Waholanzi dhidi ya mfalme wa Uhispania, iliteketezwa, na kwa miaka mingi baadaye matofali yake yalichukuliwa kujengea vitu vingine. Kilichobaki ni ukumbi mrefu wa matofali uliokuwa wodi ya wagonjwa, wa mwishoni mwa karne ya 13, ambao baadaye Waprotestanti waliugeuza kuwa kanisa la kijiji. Kwa hiyo wanakijiji wa Aduard wanasali katika chumba walimolala wagonjwa wa monasteri, na kanisa kuu la watawa, ambalo ndilo lingetufaa zaidi, limetoweka kabisa juu ya ardhi.

Mwenzangu alipiga magoti mbele ya ukuta na kutoa futi yake ya chuma. Tofali moja lilikuwa na urefu wa takriban sentimita 30, upana wa nusu ya hapo, na kimo cha karibu sentimita 9. Hayo ndiyo matofali ambayo Waholanzi mpaka leo huyataja kwa jina la monasteri, na ukubwa wake ni kitambulisho, kwa kuwa kadiri karne zilivyosogea matofali ya nchi hii yalizidi kuwa madogo. Mtu akiona ukuta wa matofali makubwa kama haya, anajua kwamba yuko mbele ya kazi ya zama za kati, au angalau mbele ya matofali ya zama hizo yaliyotumika kwa mara ya pili, jambo ambalo si nadra.

Jumanne, Garmerwolde na Wittewierum

Leo tumepita mashariki mwa jiji na kufika Garmerwolde mapema. Kijiji chenyewe ni barabara moja yenye nyumba chache, na kanisa linasimama kando, ndani ya uwanja wa makaburi. Mtu asiyejua atadhani kwamba kuna majengo mawili yasiyohusiana: upande wa magharibi uko mnara mpana, wenye paa la miteremko miwili kama la nyumba ya kawaida, na upande wa mashariki liko jengo fupi, refu kwenda juu kuliko kwenda mbele. Kati yao ni nyasi tupu. Pale penye nyasi ndipo palipokuwa na ukumbi wa waumini, uliobomolewa mwaka 1859 baada ya kuchakaa, na yakabaki mabawa mawili ya msalaba pamoja na sehemu ya altare. Ulikuwa uamuzi wa watu waliokosa fedha, na siwezi kuwalaumu, lakini ajabu yake ni kwamba waliondoa sehemu ya kawaida wakaacha ile iliyopambwa, hivi kwamba leo Garmerwolde ni kama kitabu kilichobaki na kurasa zake nzuri tu.

Kanisa hili lilijengwa katikati ya karne ya 13, kwa mtindo ambao wataalamu wa Uholanzi huuita wa Kiroma na Kigothi kwa pamoja, nao ulistawi hasa katika nchi hizi za Wafrisia, kuanzia Groningen hadi ng'ambo ya mpaka wa Ujerumani, takriban kati ya mwaka 1220 na 1320. Wajenzi walikuwa wamekwisha kusikia habari za matao yaliyochongoka ya Ufaransa, na wakayatumia walipotaka, lakini hawakuacha kuta nene za mababu zao. Kuta hizo ni nene kupita mita moja, nazo si tofali tupu toka nje hadi ndani. Zina ngozi mbili za matofali yaliyopangwa vizuri, na katikati yake mmejazwa vipande vya matofali na chokaa nyingi. Njia hiyo iliokoa matofali mazuri, ila ilimlazimu mjenzi kusubiri, kwa sababu chokaa iliyofungiwa katikati ya ukuta huchukua muda mrefu mno kukomaa.

Ukuta wa nje ndio unaostahili kusimama mbele yake hata nusu saa. Fundi asiye na jiwe la kuchonga hawezi kutengeneza sanamu wala maua ya mawe, basi mapambo yake yote hana budi kuyapata kwa kupanga matofali, na hapa wamepanga kwa ustadi ambao mwenzangu, asiye mwepesi wa kusifu, aliuitikia kwa kutikisa kichwa. Madirisha ni membamba na marefu, yamezungukwa na fito za mviringo zinazopanda kutoka chini, zikapinda juu pamoja na tao, kisha zikashuka upande wa pili bila kukatika. Fito hizo ni za matofali yaliyotengenezwa maalumu, ambayo ukingo wake ulipewa umbo la duara kabla ya kuingia tanurini. Kando ya madirisha kuna vijidirisha vipofu, yaani mashimo mafupi yenye tao juu yake, na ndani yake matofali yamepangwa mshazari, safu moja ikiinamia kulia na ya pili kushoto, mfano wa mkeka uliosukwa. Jua la asubuhi lilipoupiga ukuta kwa upande, kila safu ilitoa kivuli chake, na ukuta mwekundu ukaonekana kuwa na rangi tatu au nne.

Kuhusu rangi, ni vizuri kueleza jinsi matofali yalivyofanywa, maana kila kijiji kilikuwa na kiwanda chake cha muda. Udongo ulichimbwa wakati wa vuli na kuachwa nje majira ya baridi ili baridi kali iupasue na kuulainisha. Majira ya kuchipua ulikandwa kwa miguu, ukatiwa katika fremu ya mbao iliyonyunyiziwa mchanga, na matofali mabichi yakatandazwa uwanjani kukauka, ndiyo maana matofali mengi ya zama hizo yana alama za nyayo za mbwa au kuku waliopita mahali pasipowahusu. Kisha yalipangwa kuwa tanuru kubwa na kuchomwa kwa mboji iliyokauka, yaani mimea iliyooza na kugandamana, ambayo ilipatikana kwa wingi katika mabwawa ya kusini mwa mkoa. Yaliyokuwa karibu na moto yaliiva hadi kuwa mekundu ya kukolea au hata ya zambarau, na ya pembezoni yalibaki na rangi hafifu na ulaini. Fundi mzuri aliyachagua: magumu nje, kwenye mvua na upepo, malaini ndani ya ukuta. Chokaa nayo ilichomwa kutokana na magamba ya kome na chaza yaliyookotwa ufukweni.

Funguo za kanisa, kama ilivyo desturi katika vijiji hivi, huwa kwa jirani, na anwani yake hubandikwa mlangoni. Tulifunguliwa na mama mmoja mtu mzima aliyetuonya tusiguse kuta. Ndani, tukainua vichwa. Paa la ndani ni la makuba yaliyogawanywa kwa mbavu nane nane, yaliyotuna kama tikiti lililokatwa nusu, na mafundi wa hapa huyaita kwa jina hilo la tunda. Katika makanisa makuu ya Ufaransa mbavu za mawe ndizo mifupa ya paa, lakini katika makuba mengi ya vijiji vya Groningen mbavu ni pambo zaidi. Ganda la kuba lenyewe, lililojengwa duara juu ya duara huku kila duara likijishikilia mara linapofungwa, ndilo linalobeba uzito na kuupeleka kwenye kuta. Kwa njia hiyo viunzi vya mbao vya kushikilia paa wakati wa kujenga vilihitajika kidogo, jambo lililofaa sana katika nchi isiyo na misitu. Juu ya makuba kuna michoro ya mwanzoni mwa karne ya 16. Ilifunikwa kwa chokaa nyeupe baada ya Matengenezo ya Kanisa, ikafichuliwa tena katika karne ya 20.

Mchana tulipita Wittewierum, mwendo mfupi tu. Hapa palikuwa na monasteri ya Bloemhof, ya shirika la Premontre, iliyoanzishwa na Emo, mwanazuoni wa hapa hapa aliyekuwa amesoma Paris, Orléans na Oxford mwishoni mwa karne ya 12, na ambaye mara nyingi hutajwa kuwa mwanafunzi wa kwanza wa Oxford aliyetoka nje ya Uingereza. Emo aliandika kumbukumbu za nchi yake, na abate Menko akaziendeleza baada ya kifo chake mwaka 1237. Humo tunasoma habari za gharika ya Januari 1219 iliyoua watu wengi, na za ujenzi wa kanisa la monasteri lililowekwa wakfu mwaka 1259. Ni bahati kubwa kuwa na maandishi kama hayo, kwa sababu makanisa ya vijiji karibu yote hayana hata mstari mmoja unaosema yalijengwa lini na nani, na tarehe zake hukadiriwa kwa kulinganisha matofali na mitindo. Lakini hakuna cha kutazama: monasteri imekwisha, na kanisa dogo lililopo ni la karne ya 19. Tulikula mkate wetu tukaondoka.

Jumatano, Stedum

Mvua kutwa. Tulifika Stedum tumelowa. Kanisa la Mtakatifu Bartolomayo ni la karne ya 13, nalo limekaa juu ya kilima, na kilima chenyewe ndicho nilichotaka kukiona. Kabla ya kuwapo matuta ya kuzuia bahari, ambayo yalianza kujengwa kwa dhati takriban miaka elfu moja iliyopita, wakazi wa hapa waliishi juu ya vilima walivyovijenga wenyewe kwa udongo, samadi na takataka, wakiviinua kizazi baada ya kizazi kuanzia karne kadhaa kabla ya Kristo. Wenyeji huviita wierde. Wakati wa kujenga kanisa ulipofika, lilipewa mahali pa juu kabisa. Mtu aweza kuona hekima yake kuhusu mafuriko, lakini kwa upande wa msingi ni jambo la kutia wasiwasi, kwa kuwa jengo la mamia ya tani liliwekwa juu ya lundo la vitu vinavyoendelea kubonyea.

Balaa lingine lilivikuta vilima hivi baadaye. Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 iligunduliwa kwamba udongo wake wenye rutuba ni mbolea nzuri, nao ukachimbwa na kupakiwa kwenye majahazi ya mifereji kupelekwa kwenye mashamba maskini. Katika vijiji vingi uchimbaji uliishia penye ukuta wa makaburi, ndiyo sababu leo makanisa kadhaa yanasimama juu ya kipande kidogo cha kilima chenye ukingo uliokatwa wima.

Ndani ya Stedum kuna kaburi la marumaru la Adriaan Clant, lililochongwa na Rombout Verhulst mwaka 1672. Clant alikuwa mmoja wa wajumbe wa Uholanzi katika mazungumzo ya Münster yaliyomaliza vita na Uhispania mwaka 1648. Kazi ni nzuri, lakini mimi naiona kama mgeni: marumaru nyeupe iliyosafirishwa kutoka mbali, katika nyumba ya udongo wa nyumbani. Inaonyesha vilevile ni nani waliotawala makanisa haya baada ya mwaka 1594, jiji la Groningen lilipoangukia mikononi mwa Waprotestanti. Watakatifu waliondolewa, kuta zikapakwa chokaa, na nafasi yao ikachukuliwa na mabwana wa ardhi, wakiwa na viti vyao vya kuchongwa, mimbari walizolipia na nembo za koo zao.

Alhamisi, Huizinge, Loppersum na Zeerijp

Huizinge ni kijiji kidogo ambacho Emo alikihudumia kama padri kabla ya kuingia utawani. Kina kanisa la karne ya 13 tulilolitazama kwa nje tu. Jina lake lilijulikana Uholanzi nzima kwa sababu nyingine: tarehe 16 Agosti 2012 tetemeko la ardhi la kipimo cha 3.6 lilitokea chini yake, kubwa kuliko yote yaliyowahi kusababishwa na uchimbaji wa gesi katika nchi hii. Gesi ya Groningen iligunduliwa mwaka 1959 karibu na Slochteren, ikaanza kuchimbwa mwaka 1963, na kwa kadiri ilivyotolewa kwenye mwamba wa mchanga ulioko kilomita tatu chini, mwamba ulibanwa na ardhi ikashuka. Nguvu ya 3.6 ni ndogo kwa mtu anayetoka nchi za Bonde la Ufa, lakini matetemeko haya hutokea karibu na uso wa ardhi, na juu yake kuna udongo laini unaokuza mtikisiko. Nyumba na makanisa yaliyokuwa yamestahimili gharika, vita na kuoza kwa mapaa yakaanza kupasuka. Uchimbaji ulisimamishwa Oktoba 2023, na mwaka uliofuata ukafungwa moja kwa moja kwa sheria.

Loppersum tulipita kwa haraka. Kanisa la Petro na Paulo ni kubwa kuliko kijiji chake, kwa sababu hapa ndipo palipokuwa makao ya mkuu wa mapadri wa eneo lote, nalo limeongezwa na kubadilishwa mara nyingi mno hata kulisoma ni kazi. Katika kikanisa cha Bikira Maria kuna michoro ya maisha yake ya mwishoni mwa karne ya 15, na ndiyo inayofaa kusimamisha baiskeli.

Zeerijp ndiko tulikokaa hadi jioni. Kanisa la Mtakatifu Yakobo ni la karne ya 14, limechelewa kuliko mengine tuliyoyaona, na mtu anahisi mara moja kwamba wajenzi walikuwa wamekuwa na ujasiri zaidi. Ni msalaba kamili, mrefu, wenye madirisha mapana na mwisho wa mashariki wenye pembe nyingi badala ya ukuta ulionyooka. Mnara umejengwa mbali kidogo, peke yake. Vijiji vingi vya hapa vina minara iliyojitenga, kwa mfano Ezinge, 't Zandt na Westeremden, na maelezo yenye kuridhisha ni ya udongo: mnara ni mzito kwa eneo dogo, kwa hiyo huzama kwa kasi tofauti na ukumbi mrefu, na majengo mawili yaliyofungamanishwa yatapasuana penye kiungo. Kuongeza kengele zinazotikisa mnara kila zinapopigwa ni kuongeza sababu.

Mlango ulipofunguliwa sote tulinyamaza kidogo. Ndani yote, kuta na makuba, imepakwa picha ya matofali juu ya matofali. Yaani mafundi wa zama za kati walijenga kwa tofali, wakasiriba kwa plasta, kisha wakachora upya juu ya plasta hiyo tofali moja moja, kwa rangi nyekundu na nyinginezo, kwa mistari myeupe ya chokaa, zikipangwa kwa mitindo ambayo mwashi halisi asingeweza kuipanga juu ya kuba bila kuangusha kitu. Michoro hiyo ilikuwa imefichwa chini ya chokaa hadi ukarabati wa karne ya 20 ulipoirudisha. Nimesoma watu wakiiita ni udanganyifu wa mapambo, nami sikubaliani. Kwa maoni yangu ni fahari ya ufundi: watu ambao kwa karne mbili walikuwa wamejua kazi ya tofali, walipopewa ukuta mweupe wa kuchora chochote walichotaka, walichora tofali.

Mwenzangu alisogea karibu na nguzo ya mkono wa kaskazini, pale plasta ilipobanduka upana wa kiganja. Chini yake palionekana tofali la kweli, rangi ya chungwa iliyofifia, na pembeni yake tofali la kuchorwa, jekundu kuliko mwenzake. Viungo havikulingana: mstari uliochorwa ulipita katikati ya tofali halisi. “Tazama, ndugu yangu,” aliniambia, “huyu mchoraji hakufuata kazi ya mwashi hata kidogo. Aliweka kamba yake mwenyewe.”

Kinanda cha mabomba kilichoko magharibi ni cha Theodorus Faber, kilichokamilika mwaka 1651, na wakati tunatoka mtu alikuwa anakijaribu. Zeerijp nayo ilitikiswa, tarehe 8 Januari 2018, kwa tetemeko la 3.4.

Ijumaa, Leermens na Krewerd

Kabla ya matofali kulikuwa na jiwe, ila lilikuwa jiwe la kununua. Leermens inaonyesha jambo hilo waziwazi. Ukumbi wa kanisa la Mtakatifu Donato umejengwa kwa tufu, yaani jivu la volkano lililoganda, ambalo lilichimbwa katika vilima vya Eifel huko Ujerumani, likateremshwa kwa mto Rhine na kuzungushwa kwa maji hadi pwani hii. Ni jiwe la kijivu na manjano, jepesi na lenye vitundu, zuri kukata kwa msumeno. Sehemu ya mashariki, ya karne ya 13, ni ya matofali. Tulitafuta mahali viwili hivyo vinapokutana na tukakaa hapo muda mrefu, maana ndipo historia yote ilipo: upande mmoja jiwe lililolipiwa kwa ng'ombe na siagi kwa wafanyabiashara wa mbali, upande wa pili udongo uliochimbwa nje ya kijiji. Matofali yalipoanza kutengenezwa kaskazini katika nusu ya pili ya karne ya 12, kijiji chochote chenye udongo, mboji na watu wa kutosha kiliweza kujijengea kanisa bila kumngojea mwenye machimbo. Wakulima wa Groningen hawakuwa na mtawala wa kikabaila juu yao kama majirani wengi wa Ulaya, na ninashawishika kwamba wingi wa makanisa na ushindani wa mapambo yake unatokana na uhuru huo pamoja na udongo huo.

Katika kuta nyingi tumeona milango mifupi iliyozibwa upande wa kaskazini. Wenyeji husimulia kwamba Wanormani, yaani mabaharia wavamizi kutoka Skandinavia, waliwalazimisha mababu zao kutoka kanisani wakiinama kuelekea kaskazini, nchi ya mabwana wao. Ni hadithi tamu, lakini mashambulizi ya Wanormani yalikuwa yamekwisha karne moja au mbili kabla ya tofali la kwanza kuchomwa. Makaburi ya mamia ya miaka yameinua ardhi iliyo nje, na mlango uliokuwa wa kawaida ukaonekana mfupi.

Krewerd ni kanisa dogo, la takriban mwaka 1280, juu ya kilima chake. Ndani yake mna ukuta wa matofali unaotenga sehemu ya waumini na ya altare, na juu yake kinanda cha mwaka 1531, kimojawapo cha vinanda vya zamani zaidi vinavyopigika Uholanzi. Ukuta kama huo ulibomolewa karibu kila mahali baada ya Matengenezo, kwa kuwa Waprotestanti hawakuhitaji kutenga padri na watu. Nadhani hapa kinanda ndicho kilichouokoa.

Jumamosi, Bierum

Bierum iko karibu na tuta la bahari, na kanisa la Mtakatifu Sebastiani, la karne ya 13, linajulikana kwa jambo moja. Mnara wake ulianza kuinama kuelekea magharibi, na katika zama za kati hizo hizo wakaujengea tao kubwa la matofali linaloegemea ukuta wake kutoka nje, mguu mmoja ardhini na kichwa juu ya mnara. Matao ya namna hiyo ni ya kawaida katika makanisa makuu ya Ufaransa, ambako yalipangwa tangu mwanzo ili kupokea msukumo wa makuba. Hapa ni dawa iliyowekwa baada ya ugonjwa kuonekana. Mwenzangu aliteremsha timazi yake kutoka mkono ulionyooshwa, akafumba jicho moja, na akaridhika kwamba mnara bado umeinama na kwamba tao linafanya kazi yake.

Tulizungumza kwa kirefu pale makaburini kuhusu ukarabati, kwa sababu katika kuta kadhaa tulizopita tumeona vipimo vidogo vya plastiki vilivyogundishwa juu ya nyufa, vyenye mistari ya milimita, vinavyosomwa mara kwa mara kuona kama ufa unapanuka. Taasisi ya Makanisa ya Kale ya Groningen, iliyoundwa mwaka 1969 wakati makanisa mengi yalikuwa yanakaribia kubomolewa kwa kukosa waumini, sasa inatunza takriban makanisa 100, na tatizo lake kubwa limegeuka kutoka paa linalovuja kuwa msingi unaotikisika. Mwenzangu anasema kosa linalofanywa na mafundi wengi, hapa na kwetu, ni kuziba ufa wa ukuta wa zamani kwa saruji. Chokaa ya magamba ni laini kuliko tofali. Ukuta ukibonyea, chokaa hukubali kusogea kidogo, hata hujiziba yenyewe nyufa nyembamba maji ya mvua yanapoyeyusha na kugandisha tena chembe zake. Saruji ni ngumu kuliko tofali, haisogei, na unyevu hauwezi kupita ndani yake, kwa hiyo tofali ndilo linalopasuka, na majira ya baridi maji yaliyonaswa nyuma yake huganda na kulibandua uso. Katika mguu wa tao la Bierum alinionyesha kiraka cha saruji cha zamani, kijivu na kizima kabisa, na pande zake zote matofali yaliyomeguka kina cha kidole. Juu ya kiraka, pale ambapo viungo vilikuwa vimejazwa upya kwa chokaa, hakuna tofali hata moja lililokuwa limeharibika.